Nani Atakukoholea?

Wiki hii nilikuwa kwenye kliniki moja ya Kikula, nikingoja zamu. Mlango wa daktari ulikuwa wazi. Ndani alikaa mfanyakazi wa kiwanda cha asidi, mkewe akiwa nyuma yake. Kazini walitaka karatasi ya kuonyesha kwamba pua yake ni nzima.

"Funga macho, papa," daktari alisema, akamsogezea kichupa puani.

Mke alichungulia maandishi ya kichupa, akakohoa mara moja.

"Iko kahawa," mume akajibu haraka.

Kwa kichupa cha pili, mke akakohoa mara mbili.

"Iko sabuni!"

Daktari akashika cha tatu. "Muzuri, papa. Kule ku asidi, gazi ikitoka, pua ndiyo inakuambia kimbia."

Safari hii mke aliziba mdomo kwa kitenge. Mume alingoja, kisha akanong'ona, "Kohola basi, mama."

"Hapa miye nitakukoholea. Kule ku usine ya asidi, nani atakukoholea?"

Mume akafumbua macho. "Dokotere, siko nasikia arufu hata moja."

Daktari aliandika ahamishwe mbali na asidi. Walipotoka, mume aliuliza kwa hasira, "Sasa tutakula nini?"

"Muntu wa kufa hakulake kitu," mke akajibu, akamshika mkono.

Tangu hapo sijatulia. Najiuliza ni wangapi kati yetu tunawakoholea hivyo tunaowapenda, tukidhani tunawasaidia.