Shujaa wa Figo Moja

Faraji wa Mbagala, mbeba mizigo wa Kurasini, alimpa mdogo wake Najat figo. Fanya hivyo uone: kahawa hulipii tena, na wanawake usiowajua wanakuombea dua barabarani. Jamaa akaanza kutembea vifungo wazi, kovu lipunge upepo.

Ila daktari alishawaonya. Dawa zinazouzuia mwili wa Najat usiikatae figo ya kaka yake zimeilaza pia kinga yake. Hata chanjo haimshiki sawasawa.

"Kwa hiyo chanjeni nyie mnaomzunguka," alisema. "Ugonjwa ukiingia humo ndani, utampata hana silaha."

Bi Raudha, mama yao, akapiga marufuku: asiyechanja uviko haingii chumbani kwa Najat. Yeye akachanja siku hiyohiyo. Faraji akafika mpaka mlangoni mwa zahanati, akakumbuka maneno ya Mwinjuma, muuza kahawa wa kijiweni.

"Braza, figo moja ishakwenda. Sindano ile inazima mtambo, mie nakwambia. Na harusi yako hiyo ya mwezi wa Shaabani? Utamwambia nini bibi harusi?"

Mwanamume aliyepasuliwa ubavu bila kulia akageuzwa na kisindano. Akanunua plasta dukani, akaibandika begani, akarudi nyumbani anaugulia. Mama akamkanda kwa maji ya moto.

Mwezi uliofuata, yadi nzima ya makontena ikawa inakohoa. Faraji naye. Jioni akaingia na bakuli la uji kwa Najat, kama kawaida yake.

"Kaka, kifua hicho?"

"Vumbi la saruji. Kunywa uji, mama."

Akakohoa tena. Najat akacheka, akampigapiga mgongoni.

Ijumaa Najat aliamka anatetemeka kwa homa, pumzi inakwama. Bi Raudha akatoka uani kutafuta mchawi, akamkuta Munira, jirani aliyezoea kumsalimia mgonjwa dirishani.

"Ni wewe! Umechanja wewe?"

"Nimechanja, mama! Mara mbili!"

"Mwongo mkubwa!"

Munira akaanza kulia. Faraji alikuwa amesimama palepale. Akafungua mdomo aseme. Kikatoka kikohozi, nacho akakimeza nusu.

"Bajaji inakuja, tunampeleka hospitali," Bi Raudha alisema, akimsukuma Munira nje. "Faraji, nenda ukamshike kichwa mwenzio. Humu ndani namwamini nani zaidi yako?"

Faraji akajifuta mdomo kwa kiganja, akaingia.