Miaka Sita ya Mama wa Marehemu

Juzi nilikwenda bomani Mbeya kukata leseni ya baiskeli. Mbele yangu dirishani alikuwapo bibi mmoja wa kaniki, jembe lisilo na mpini mkononi.

"Nataka kukata rufaa," alimwambia karani. "Kijana amefungwa miaka sita, kuua bila kukusudia. Imezidi."

Karani akachovya kalamu. "Mfungwa ni mwanao, bibi?"

"Hapana. Mwanangu ndiye aliyekufa."

Karani akaiweka kalamu chini taratibu.

"Walisukumana pombeni, mwanangu akaangukia jiwe. Naye alikuwa mchokozi, simsingizii, nilimzaa mwenyewe. Wazee waliamua yule kijana anilimie shamba mpaka nife. Amelima msimu mmoja tu, askari wakaja wakamchukua."

"Lakini bibi, rufaa hukatwa na mfungwa mwenyewe."

"Nimemfuata gerezani. Anasema miaka sita ni haki yake. Basi yeye imemtosha. Mimi ndiye iliyenizidi."

Karani akajikuna kisogo. "Wewe ungetaka afungwe miaka mingapi?"

Bibi akalilaza jembe dirishani, akahesabu vidole, akaishia kwenye cha pili.

"Miwili. Zaidi ya hiyo sina."

Karani akaiokota kalamu, akaandika kila neno, nami nikasahau leseni yangu. Najua karatasi ile itarudishwa, maana sheria haina nafasi ya mtu kama huyu. Ila nadhani hakimu naye, alipotoa ile miaka sita, hakujua anaitoa kwenye umri wa nani.