Kijiti cha Mwalimu Mwongeli

Jumatatu Mwalimu Mwongeli alichimbia kijiti katikati ya uwanja wa shule. Kufikia Jumanne asubuhi kijiti kilikuwa kimeshageuka uchawi.

Kilikuwa kipande cha mti wa mvinje kilichonyooka, urefu wake mita moja kamili juu ya ardhi. Ubavuni ulining'inia uzi wenye jiwe dogo la kuonyesha kama kimesimama wima, na jiwe lile Mwongeli alikuwa amelifunga kwa kitambaa chekundu. Kitambaa chekundu! Kila alipokifikiria alitamani kujizaba kofi. Alizaliwa hapa hapa kwenye skimu ya kugawia watu mashamba, juu ya Msambweni, na alijua kwamba mtu akichimbia kitu ardhini na kukifunga nyekundu, watu husema fingo, dawa ya kuzikwa ya kuwafunga wenye mahali. Lakini ndicho kitambaa pekee alichokuta mezani, na akili yake yote ilikuwa kwenye jua.

Isitoshe, yeye ni Mkamba, na pwani nzima Mkamba na uganga hutajwa kwa pumzi moja. Tena mwaka ulikuwa 1998. Fujo zilizowafanya watu wa bara wafunge virago zilikuwa hazijatimiza mwaka mmoja na nusu, na jirani na kwao palikuwa na nyumba ambazo bado hazikuwa na mapaa. Baba yake alikataa kuhama. Tangu wakati huo Mwongeli alikuwa akitembea kama mtu aliyebeba mayai.

Wazo la kijiti lilitoka Diani. Binamu yake, Kavita, alikuwa mapokezi katika hoteli moja ya ufukweni, na kwa kuwa wageni walikuwa wameadimika, kompyuta ya ofisini ilishinda bure. Kavita akaingia intaneti na kumtafutia kurasa walizoandikiwa walimu wa shule za msingi, akazichapa mgongoni mwa menyu za zamani. Mwongeli alizisoma kama mtu mwenye njaa. Nyingine zilimchekesha: "Kwanza, washa kompyuta ya darasa lako." Darasa lake halikuwa hata na mlango! Nchi hii humdai mwalimu kila kitu, kisha humhesabia chaki.

Ukurasa mmoja, hata hivyo, ulidai kijiti tu, uzi na rula. Shule za nchi mbalimbali zingepima kivuli siku ile ile, Septemba tarehe ishirini na tatu, jua likiwa juu kabisa, kisha zipelekeane vipimo kwa kompyuta. Kwa vipimo hivyo watoto wangeweza kukokotoa ukubwa wa dunia. Ukubwa wa dunia, kwa kijiti! Darasa la tano lilipiga makofi. Kavita aliahidi kukituma kipimo chao jioni ya siku hiyo hiyo.

Sasa ilikuwa Jumanne, na Mzee Menza, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alikuwa ameketi ofisini kwa mwalimu mkuu, kofia yake gotini.

"Shikamoo, mzee," alisema Mwongeli.

"Marahaba, mwanangu. Kile kijiti ni cha nini?"

"Cha kupimia kivuli."

"Kivuli cha nani?"

"Cha kijiti chenyewe, mzee."

"Kivuli cha kijiti wakipimia nini? Wataka kukishonea kanzu?"

Mwalimu mkuu, Bwana Ngala, alicheka peke yake, kisha akaacha. Mwongeli akaeleza habari za kurasa, za shule za ng'ambo, za dunia na mviringo wake. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Huyo aliyeandika, wamjua?"

"Simjui."

"Kwao wapajua?"

"Sipajui."

"Basi mtu usiyemjua, wa mahali usipopajua, kakwambia uchimbie kitu wanapocheza watoto wetu. Nawe ukachimbia." Aliivaa kofia yake. "Mimi sisemi neno, mwalimu. Wenye kusema wako nje, na kuna waliokwisha kuwazuia watoto wao nyumbani."

Ikielezwa hivyo, hata Mwongeli aliona inatisha.

"Basi kikang'olewe," alisema Bwana Ngala upesi. "Mwongeli, si karatasi inao mfano wake? Nakili tarakimu ya mfano, uitume, mambo yaishe."

Ndivyo tulivyosomeshwa sayansi sote: jibu kwanza, kuona baadaye au kutoona kabisa. Mwongeli alisikia sauti yake ikisema, "Hapana, bwana. Watoto wamengojea siku hii. Kesho adhuhuri, wazazi waje watazame."

Mzee Menza alimkazia macho. "Haya. Watakuja. Ukimaliza, utaking'oa kwa mkono wako mwenyewe, mbele yetu. Na kikitoka kitu chini yake, usiiulizie tena njia ya shule hii."

Jumatano wakaja. Akina mama walisimama mbali, chini ya ukuta wa darasa, leso zimewafunika watoto wadogo. Mwongeli alikuwa amekitoa kitambaa chekundu, kisha akajuta. Je, si wangesema ameficha?

Kila baada ya muda mfupi, Dianah, msichana wa darasa la tano, alichomeka njiti ya kibiriti penye ncha ya kivuli. Kivuli kilizidi kufupika. Saa ya Mwongeli ilipofika sita kamili aliinama kupima, na Ustadhi Chome, mwalimu wa dini, akamzuia mkono.

"Bado, dada. Kingali kinarudi ndani. Sisi hungoja kisimame, kisha kianze kugeuka. Hapo ndipo zawali, na baada yake ndiyo adhuhuri. Saa ya mkononi haina habari hiyo."

Wakangoja. Baadhi ya wazee, waliposikia zawali, walisogea. Njiti zikabanana, robo saa ikapita, kivuli kikawa kama kimechoka kutembea.

"Sasa," alisema Ustadhi.

"Sentimita saba na nusu!" alipaza Dianah. Kisha akaitazama ile karatasi ya menyu mkononi mwa mwalimu. "Lakini, mwalimu, kimelala upande mbaya."

Mwongeli alitazama. Karatasi ilisema kivuli kitaelekea kaskazini. Pale kaskazini kila mtu aliijua, ndiyo kibla, ndiko msikiti ulikoelekea. Kivuli kilikuwa kimeipa kibla mgongo.

"Kimekataa," alisema mwanamke mmoja.

"Andika ya karatasi," alinong'ona Bwana Ngala. "Andika, uondoke hapa."

Aliutazama mchoro wa kwenye karatasi, kijiti cha yule mtu asiyemjua na kivuli chake kirefu. Huyu anakaa wapi? Anakaa juu, kaskazini mbali, akilitazama jua upande wa kusini. Na sisi je?

"Watoto," alisema. "Mstari wa ikweta uko wapi?"

"Kaskazini kwetu! Unapita Nanyuki!"

"Na jua leo liko juu ya nini?"

Dianah akaziba mdomo kwa mkono. "Mwalimu! Jua liko juu ya ikweta, katikati yetu na wao! Kivuli chao chaenda kwao, chetu chaja kwetu!"

Mwongeli aliandika saba na nusu, na kando yake akaandika kusini, akalipigia mstari.

"Mmekwisha?" aliuliza Mzee Menza. "Haya, king'oe."

Alipiga magoti. Kijiti kilikuwa kimeshika, akakitikisa mpaka kikatoka. Kisha, bila kuambiwa, akaingiza mkono shimoni na kuchimba. Alichimba kwa hasira, kwa ajili ya mapaa yale, kwa ajili ya miaka yote ya kuitwa mgeni mahali alipozaliwa, mchanga ukimwingia kucha. Watu walikaribia wakainamisha shingo. Udongo mwekundu. Mzizi wa nyasi. Udongo tena.

"Yatosha," alisema mzee.

Mwongeli alijifuta uso na kuuchafua zaidi. Hakujua kama ameshinda. Akina mama walianza kuondoka, wawili wawili, na mmoja wao hakumtazama kabisa.

Mzee Menza aliokota kijiti, akakigeuzageuza, akakitazama kutoka ncha hadi ncha kama mnunuzi.

"Mwezi ujao," alisema, "hicho kivuli kitakuwa wapi?"

"Sijui, mzee. Itabidi tupime."

Mzee alikirudisha kijiti shimoni, akashindilia udongo kwa kisigino. "Basi ule uzi wako ufunge kitambaa cheupe," alisema.