Chazo Aliyegoma Kula

Nakumbuka asubuhi moja hapa kisiwani Chovai, mwanangu, nilipomkuta mume wangu amepiga magoti majini, samaki mkononi, anamkaripia kama mtoto aliyevunja kikombe. "Kula," anamwambia. "Kula, usinitie aibu." Samaki naye kafumba kinywa. Nilicheka, halafu nikauona uso wa Athmani, kicheko kikanikauka.

Ngoja nikuelezee tangu mwanzo. Jana ulikuja hapa na malalamiko yako, ukaondoka kabla sijakujibu. Unasema mtoto wa marehemu dadako, uliyemleta kutoka Mogadishu, hali chakula chenu. Umempikia wali, umemnunulia mkate wa mofa, umemsimamia na sahani, umemfokea, na bado hali. Unasema ni kiburi. Lakini kiburi nilichokiona mimi hakikuwa cha mtoto. Leo keti unisikilize. Chai iko pale, jimiminie mwenyewe, miguu yangu haina kazi ya kukutumikia.

Nyinyi wa bajaji na simu mnamjua chazo kwa kusikia tu. Ni samaki mrefu, mwembamba, mwenye bapa la mistari juu ya kichwa, na bapa hilo ndilo analojigandishia kwa papa na kasa. Wazee wetu walimfunga kamba mkiani wakaenda naye baharini. Wakimwona kasa, wanamwachia. Chazo anamfuata, anamganda, nao wanavuta kamba taratibu mpaka kasa yuko ubavuni mwa chombo. Mwenye chazo aliyefunzwa alikuwa mchu, ndivyo tusemavyo mtu sisi wa visiwani. Asiye naye alikuwa wa kutoa maji chomboni.

Athmani alirithi chazo wa baba yake, na yule chazo akafa kwa uzee. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, mimi bibi harusi mbichi kutoka Kismayu. Athmani akapata chazo mwingine, kijana, mwenye nguvu. Akamtia katika hori la baba yake, kimtumbwi kibovu kilichozamishwa ufukweni na kutobolewa mashimo, mahali ambapo maji hayakauki hata bahari ikipwa. Siku ile ile akamletea chakula alichokuwa akila yule chazo mzee: ng'onda, samaki wa kukaushwa juani, aliyerowekwa, akatwangwa pamoja na ngisi, akafinyangwa kama kidole. Maana chomboni, mkikaa siku nyingi kwenye miamba ya nje, samaki wadogo walio hai mtawatoa wapi kila saa? Chazo lazima ale mnachobeba.

Yule chazo mzee alikuwa akichomoza kichwa akisikia hatua zako. Huyu kijana hakukitazama chakula hata kidogo. Chakula kilizama, kikaoza, maji yakanuka. Kila siku Athmani analeta, kila siku anaondoka na hasira zaidi. Samaki akakonda mpaka kichwa kikawa kikubwa kuliko mwili.

Sasa sikiliza kilichokuwa kikinikosesha usingizi. Ami Shee, ndugu wa baba yake Athmani, ndiye aliyekuwa nahodha, na chombo chake kilikuwa kimepandishwa ufukweni kinakalafatiwa, nyufa zinazibwa kwa pamba. Alimwambia Athmani mbele za watu, "Chombo kikishapakwa mafuta ya sifa tunaondoka. Chazo wako akila mkononi mwako, kamba ya mbele ni yako. Asipokula, sina nafasi ya mtu na maiti yake." Athmani alivyo na moto, akarudi nyumbani akaniambia akiachwa atapanda meli Kismayu aende Arabuni. Mume wa jirani yetu alipanda meli ya namna hiyo, hatukupata tena habari zake. Na mimi nilikuwa nimeshachukua mimba, sijamwambia mtu. Niliogopa, mwanangu. Sina neno jingine la kulipamba.

Basi asubuhi ile ninayokusimulia, Athmani alikuwa amembandua yule samaki kutoka kwenye ubao wa hori kwa nguvu, kidole gumba kwenye taya, anataka kumsokomeza tonge. Mavyaa wangu, Bi Mwanaisha, alitokea nyuma yangu bila kishindo, akaingia majini na nguo zake, akamshika mwanawe kifundo cha mkono.

"Mkono wako umejaa haraka," akamwambia. "Chakula kitakaa wapi?"

Athmani akasema, "Mama, chazo ni chazo. Wa baba alikula hiki hiki."

"Wa baba yako ulimkuta anakula. Vyaelea, vimeundwa. Unadhani alizaliwa anajua ng'onda wa kutwanga? Nilimfunza mimi, wewe ukiwa mgongoni mwangu unalia. Mrudishe majini, uende ukakalafati, na usije hapa mpaka nikuite."

Athmani akaenda amenuna. Mimi nikabaki, na karipio langu likanifikia. "Na wewe," akaniambia, "kila akikataa unaguna kwa sauti. Anakusikia." Nikataka kusema samaki hana masikio, nikaona uso wake, nikaacha.

Tulianza kwa kuyaacha maji yajisafishe. Hatukumpa kitu. Kisha Bi Mwanaisha akaleta kisamaki hai kwenye kata, akagonga ubao wa hori kwa kifundo cha kidole, taratibu, akakiachia. Yule chazo alitoka kama aliyerushwa, akakimeza. "Umeona?" akasema. "Si mgonjwa. Hajui tu kwamba kile ulichomletea ni chakula. Kwake yeye chakula kinakimbia." Hapo nilipumua kwa mara ya kwanza tangu samaki yule aletwe kisiwani.

Kazi akaniachia mimi. Kila maji yakijaa naenda peke yangu, nagonga ubao vile vile, nampa kidogo, naondoka angali na njaa. Alipouzoea mlio, nikampa kisamaki kilichokufa wakati ule ule, nimekichomeka kwenye uti wa ukuti, nakitembeza majini kama kinachoogelea. Akakizunguka. Akakiacha. Kesho yake akakizunguka tena, akakidokoa. Nilitaka kupiga vigelegele, nikakumbuka kuguna kwangu, nikanyamaza. Alipokubali mfu, nikaanza kuvipasua vile visamaki tumbo na kuvishindilia ng'onda na ngisi. Nyama nikaipunguza, tonge nikaliongeza. Bandu bandu huisha gogo. Kuna siku alitema kila kitu, nikarudi nyuma kwenye kisamaki kitupu, nikaanza upya. Bi Mwanaisha hakunilaumu. Alisema tu hata mtoto anayejifunza kutembea hukaa kitako akichoka.

Ufukweni nako nyundo za mafundi zinazidi kunyamaza, maana nyufa zimekwisha, na harufu ya sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka chombo, imeanza kunijia kwa upepo.  Nguo zake za safari ya Arabuni Athmani amekwishazifunga kwenye kikoi, kikoi kiko mlangoni, nami nakiruka kila nikitoka.

Siku ya siku Ami Shee akaja horini na watu wake. Samaki alikuwa amekula tonge tupu mkononi mwangu jana yake, lakini mkono wa Athmani alikuwa hajauona tangu ule wa kumsokomeza. Bi Mwanaisha akamwita mwanawe. Athmani akaingia majini, tonge vidoleni. Nikamwambia, "Gonga kwanza. Polepole." Akagonga. Samaki akatulia chini, kaganda ubaoni. Akagonga tena. Hakuna. Mtu mmoja akakohoa. Nikauona mkono wa Athmani unaanza kumfuata samaki, nami kwa mara ya kwanza nikamwita mume wangu jina mbele za wakubwa.

"Tuliza mkono, Athmani. Mwache aje yeye."

Akautuliza. Nilimwona akifumba macho. Chazo akajibandua, akapanda taratibu, akazunguka kifundo cha mkono mara moja, akalichukua tonge kwenye vidole bila hata kurusha maji.

Ami Shee alisema, "Pakia kamba zako," akageuka akaenda zake, kama aliyekuwa anapita tu. Bi Mwanaisha alikaa mchangani akacheka mpaka kilemba kikamtoka. Mimi nililia bila haya. Mchana nilikula wali wa samaki sahani mbili, mavyaa akanitazama, akaelewa, akaniongeza ya tatu. Na kile kikoi cha mlangoni Athmani alikifungua mwenyewe. Alikwenda miamba ya nje akarudi, akaenda akarudi, maisha yake yote, mpaka nilipomzika hapa kwa mikono ya wanawe. Arabuni hakukujua.

Sasa wewe. Mtoto yule amefiwa na mama yake, ameletwa nyumba asiyoijua, anawekewa sahani na mwanamume anayemsimamia kichwani. Wewe umezaliwa ukikuta nyumba yenu inakula pamoja, ukadhani watu huzaliwa hivyo. Leo ukirudi usimfokee. Mpigie simu dada yake mkubwa aliyebaki Mogadishu, umuulize mama yao alikuwa akiwapikia nini asubuhi, umpikie hicho hicho, ukiweke karibu naye, kisha ukae mbali ule chako. Ongeza chakula chenu kidogo kidogo, pembeni mwa sahani. Akitema, rudi nyuma, usihesabu hasara. Asiye na subira na mdogo hana cha kumfunza, na mkono uliojaa haraka haulishi mtu.

Nenda, mwanangu, chai imepoa na wewe hukuinywa. Mungu autulize mkono wako. Akujaalie mtoto yule aje kwako mwenyewe siku moja, bila kuitwa, akae ubavuni mwako ale sahani moja nawe. Na siku hiyo uje unipe habari, nami nipumue tena kama nilivyopumua horini.