Neno la Kalamu Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini, pale bomani Kisarawe, Karani Mkuu hakunipa wino wala karatasi. Alinipa barua moja chakavu, Kiswahili kitupu kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, akasema, "Soma."

Nikasoma kwa sauti, kifua mbele: "Namshitaki mke wangu, amevua nguo kisimani mbele ya watu."

Karani Mkuu akanitazama juu ya miwani. "Mke wa watu umemvua nguo wewe. Amefua, bwana! Amefua! Mumewe analalamika kwamba anachafua maji ya kunywa." Makarani walicheka mpaka nikatamani kurudi kwetu siku ile ile.

Nawaeleza ninyi mliozaliwa mkakuta kila kitu kimeandikwa kwa herufi hizi za Kizungu. Kazi yangu iliitwa kunukuu. Watu wa Mrima, pwani yetu hii, waliandika wasia, ndoa na tenzi zao kwa herufi za Kiarabu tangu zamani, na serikali ya Mwingereza ilitaka karatasi hizo zihamishiwe herufi za Kizungu ili Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, aweze kuzisoma. Sasa, herufi zile hazitoshi sauti zetu. F na v mara nyingi ziliandikwa kwa herufi moja. Irabu ndiyo balaa kabisa: kijistari chini ya herufi unaweza kukisoma e au i, na alama ya juu ni o au u. Aliyeandika alijua alichosema. Wewe unabahatisha.

Karani Mkuu alikuwa na dawa yake. Kando ya meza yake kulikuwa na kiti ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Akikwama kwenye neno, alikigeukia kiti hicho na kumwamkia mwandishi, hata kama alikufa zamani za babu wa babu. "Shikamoo, mzee. Hapa umekusudia nini?" Kisha hunyamaza, hutikisa kichwa, huandika.

"Mtu hanukuliwi kabla hujazungumza naye," alituambia. "Jua sauti yake, jua hasira zake. Atakujibu mwenyewe."

Wiki mbili za kwanza nilicheka kimoyomoyo. Ya tatu nikaanza na mimi. Alipostaafu, nikarithi meza yake pamoja na kile kiti, na kwa miaka nilikaa bomani nikipiga soga na waandishi mashuhuri wa pwani ambao mifupa yao ilikwisha kuoza. Mmoja alikuwa mkali, hataki kuulizwa mara mbili. Bibi mmoja aliyetunga utenzi wa njaa alikuwa akinitania kwa kuwa mwandiko wangu mbaya. Msinicheke. Kazi ilikwenda vizuri, na wakubwa walinisifu.

Niliyempenda kuliko wote ni mtu wa Dutumi, aliyekufa enzi za Mdachi. Watu walimwita Kalamu Mbili. Alikuwa na kalamu nene ya utete kwa ajili ya tenzi, na nyembamba kwa ajili ya daftari la kijiji, alimoandika ndoa, vifo na mashauri ya majirani. Tenzi zake za maombolezo zilisomwa misibani wilaya nzima, watu wakalia upya. Nilizinukuu miaka minne, nikazijua kwa moyo.

"Mzee, mbona huchoki kulia?" nilimuuliza siku moja.

"Ungeona niliyoyaona, wewe ungechoka kuandika?" Naapa nilimsikia. Bwana Shauri akawa anasema mbele ya wageni, "Huyu ndiye anayemjua yule mshairi." Kichwa kikanivimba.

Ndipo likaja shauri la Tatu. Mzee Saidi wa Dutumi alikufa akaacha shamba la mpunga kando ya Mto Ruvu. Bintiye, Tatu, mama wa watoto watatu, alikuwa akiishi humo na kulima. Binamu yake akaenda kwa Liwali, hakimu wetu wa baraza, akadai kwamba Tatu ni mtoto wa nje: mama yake, Mwanaisha, hakuolewa na Saidi hata siku moja, kwa hiyo Tatu hana urithi. Mashahidi walikwisha kufa. Mwanaisha mwenyewe alikufa Tatu akiwa bado ananyonya. Wengine walisema homa, wengine walinong'ona kwamba Saidi alimpiga akafa.

Ushahidi uliobaki ulikuwa ukurasa mmoja uliochanwa kutoka daftari la Kalamu Mbili, pembe yenye tarehe imeliwa na mchwa. Uliandikwa jina la Mwanaisha, kisha neno moja, kisha "na Saidi, nikashuhudia". Neno lile, kwa herufi zile, husomwa ameolewa. Husomwa pia ameuliwa. Alama ni zile zile, hazitofautiani hata nukta.

Nikisoma ameolewa, Tatu ni mtoto wa halali na anabaki kwake. Nikisoma ameuliwa, hana ndoa ya kumtetea, tena baba yake ndiye muuaji wa mama yake.

Liwali akaniambia, "Karani, nataka neno moja tu. Jumamosi natoa hukumu."

Daftari zima lilikuwa Dutumi kwa wajukuu wa marehemu, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Ningeomba wiki moja, Liwali angenipa. Sikuomba. Niombe ya nini, na mwenye daftari niko naye pale pale mezani?

"Shikamoo, mzee," nikakiambia kiti. "Neno hili ni lipi?"

Akasema kwa sauti yake nzito, "Harusini mashahidi ni wengi, kijana. Hapa nilishuhudia peke yangu."

Nikakumbuka utenzi wake wa vita, "vijana wameuliwa", neno lile lile la mkono wake. Nikachovya kalamu, nikaandika AMEULIWA kwa herufi kubwa.

Barazani Liwali aliposoma, watu waliguna. Tatu alikuwa amesimama na mtoto mgongoni. Hakumtazama binamu yake wala Liwali. Alinitazama mimi.

"Karani, una hakika?"

"Nina hakika, dada. Kasema mwenyewe."

Akajifunga khanga kiunoni, akatoka. Nilisikia baadaye kwamba amehamia Mkuza, analima mashamba ya watu.

Miaka kumi ikapita. Nikahamishiwa Kibaha, ofisi ndogo ya bati, na Mkuu wa Kituo aliyependa karatasi zake zinyooke. Siku moja wajukuu wa Kalamu Mbili wakaleta daftari zima, maana nyumba yao ilikuwa inavuja. Nililifungua kwa furaha, kama mtu aliyepata barua ya rafiki.

Ukurasa wa tatu: fulani ameuawa na simba. Ukurasa wa saba: fulani ameuawa kwa mshale. Ameuawa, ameuawa, kila mahali, na neno hilo huwezi kulichanganya na ameolewa hata ukiwa na macho mabovu. Ameuliwa hakuna. Bali ndoa zilijaa, na kila ndoa imefungwa kwa maneno yale yale: "nikashuhudia." Ilikuwa desturi yake tu. Kwenye tenzi aliandika kuuliwa kwa sababu kina kilimdai. Kwenye daftari aliandika kama majirani wanavyosema.

Nikaendelea kufunua. Karibu na mwisho nikakuta: "Mwanaisha mke wa Saidi amefariki kwa homa. Saidi hajala siku ya tatu leo."

Nililia pale mezani, mtu mzima na ndevu zangu. Nilikuwa nimemuuliza mshairi juu ya karatasi aliyoiandika kama jirani. Aka, hata mshairi hakuwapo! Kile kiti kilikuwa kitupu siku zote. Ile sauti nzito ilikuwa yangu, sauti ya mtu aliyenogewa na misiba ya wenzake.

Nilikwenda Kisarawe. Liwali alikuwa mpya. "Shamba lina wenyewe wengine sasa," akasema. "Hukumu ya zamani siifufui. Rudi kazini kwako." Nikatoka nikaenda Mkuza.

Tatu alikuwa uani akimenya mihogo. Alikuwa amezeeka kuliko umri wake. Nikapiga hodi, akanikaribisha, akanipa kigoda. Nikamweleza yote bila kujitetea. Kisu chake hakikusimama.

"Kwa hiyo baba hakumuua mama."

"Hakumuua."

"Alimwoa."

"Alimwoa, dada. Na mama yako alipokufa, hakula siku tatu."

Hapo kisu kikasimama. "Kaburi la baba limeota kichaka," akasema. "Wanangu nimewakataza hata kulitaja jina lake. Na kila nikimaliza swala, Karani, nimemlaani. Mara tano kwa siku, miaka yote hii. Laana zile zilikuwa zinamfika?"

Niliokota ganda la muhogo chini, nikaligeuzageuza.

"Si wewe husema na maiti? Muulize."

Tatu alifariki masika yaliyofuata. Wanawe walikwenda Dutumi kufyeka kaburi la babu yao, nami nikaenda nao. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyenisemesha.

Sasa nimestaafu, nakaa hapa hapa Mkuza. Walimu vijana huja kuniuliza Kalamu Mbili angesema nini juu ya hili na lile. Nawaambia sijui, waende Dutumi wakasome daftari zima, ukurasa kwa ukurasa, na wawaulize walio hai. Wananiona mzee mkorofi. Ni kweli, mimi mkorofi.

Asubuhi hukaa uani, na ninayemwamkia ni Tatu. Namwomba radhi, halafu nanyamaza kama nilivyofundishwa. Ningeweza kumtungia jibu, na jibu zuri, maana kazi hiyo naijua sana. Simtungii. Nakaa tu, naye hajanijibu.