Mzee Aliyechemsha Maji ya Nyumba Nzima

Mwenye duka mmoja wa Mitwero, ambaye wasomaji wangu wa Lindi watamtambua bila mimi kumtaja jina, amefariki dunia. Habari niliipata sokoni kwa dereva wa lori aliyetoka kusini. Alinieleza huku akishusha magunia ya korosho. Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengi watamkumbuka kwa vitambaa vyake na futari alizowalisha watu. Mimi namkumbuka amechuchumaa mbele ya mafiga, macho mekundu kwa moshi, akipuliza moto.

Nilipokuwa karani huko Lindi nilipanga chumba jirani naye, na baina yetu palikuwa na ua wa makuti tu. Nyumba yake ilijaa watu: mama yake mzazi asiyeweza tena kusimama peke yake, wake wawili, dada yake mkubwa, wanawe na wake zao, wajukuu, na mara nyingi mzazi aliyetoka kujifungua, anayekandwa kwa maji ya moto. Wote walitaka maji ya moto asubuhi, na kazi hiyo ilikuwa ya mkaza mwana mdogo kuliko wote, binti wa watu wa Mchinga. Asubuhi moja ya masika aliteleza uani akiwa na sufuria mikononi, maji yakamuunguza mguu kuanzia gotini. Wazazi wake wakaja kumchukua. Baba yake hakugombana na mtu. Alisema tu pale mlangoni, “Nilikupa mwana, bwana. Sikukupa kuni.”

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, nilimwona mzee mwenyewe kwenye mafiga. Nikamwamkia juu ya ua, “Shikamoo, mzee. Kulikoni leo?”

“Marahaba, mwanangu. Nimeoga maji ya moto tangu nizaliwe, na leo ndiyo mara ya kwanza nayaona yakichemka.”

Dada yake akatoka, amejitanda kanga. “Mdogo wangu, unatuaibisha. Wake wa wanao wapo, nawe unapuliza moto?”

“Wapo, dada. Na yule mwingine yuko wapi?”

Dada akarudi ndani.

Barazani walimcheka, wengine wakisema amelishwa kitu. Yeye akaendelea mpaka mgongo ukamshinda, na hapo ndipo alipomwita fundi mmoja wa shamba la mkonge. Fundi alijenga jiko la mawe na udongo nyuma ya ukuta wa bafu, akaweka juu yake pipa la chuma lenye kifuniko kisichobana ili mvuke upumue, akapitisha bomba ukutani hadi kwenye bilula iliyokuwa ndani. Mara ya kwanza lilivuja likauzima moto, ikabidi fundi arudi. Lilipotengemaa, makumbi ya nazi yalitosha kulipasha, na hakuna tena aliyebeba maji yanayochemka.

Ndipo akaniomba nimsindikize Mchinga. Mbele ya wazazi wa yule binti alisema, “Sikuja kumchukua. Nimekuja kuomba radhi, na kueleza nyumba ilivyo sasa. Uamuzi ni wake.”

Alipokwisha kueleza, binti akauliza kutoka nyuma ya pazia, “Na hilo pipa, baba, nani anayelijaza?”

“Wanangu wa kiume.”

“Hata mume wangu?”

“Yeye ndiye anayeanza.”

Hatukuondoka naye siku ile. Alikaa kwao mpaka mguu ukapona, kisha akarudi kwa hiari yake, na nasikia sasa ndiye anayeshika funguo za nyumba ile.

Siku hizi tunasema sana juu ya maendeleo, na tukiyasema tunaonyesha vitu: barabara, mashine, bati jipya juu ya paa. Mapipa ya namna ile yameenea Lindi. Watu walikuja kuchungulia, wakaenda kujenga ya kwao. Lakini nimeingia katika baadhi ya nyumba hizo, nikamkuta bado mkaza mwana wa nyumba, peke yake, akilijaza pipa debe kwa debe huku wanaume wamelala. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waliokuja kwa mzee yule waliliiga pipa lake. Safari yake ya Mchinga hawakuiiga. Basi, msomaji wangu, ukikuta maji ya moto yanakungoja asubuhi, uliza nani ameamka kabla yako, na siku moja uamke wewe.