Ngamia wa Dokata Aliyeshindwa Kukojoa

Pale kijijini Gotu walimwita Adano "daktari wa mikojo", naye hakuchukia. Miaka ya sabini, kabla ya kurudi kuchunga, alikuwa amefanya kazi machinjioni Isiolo mjini, na huko ndiko kisu kilikomfundisha yaliyomo ndani ya mnyama: figo mbili zinazochuja damu, mirija miwili inayoteremsha mkojo, kibofu kinachoupokea, na njia moja nyembamba ya kuutoa nje. Wanyama wa kiangazi aliwakuta na changarawe figoni. Madume waliohasiwa wakiwa wachanga ndio walioteseka zaidi, maana njia yao haikupata kupanuka.

Mwaka wa 1984 ukame ulimaliza ng'ombe wote wa Dokata, mjane jirani yake. Akabaki na ngamia mmoja wa mizigo, aliyehasiwa mapema mno. Huyo ndiye aliyembebea maji, na nyumba ya miti na mikeka kila walipohama. Asubuhi moja ngamia alisimama akijikamua weee, yakatoka matone mawili yenye damu. Adano akamwambia Dokata amchinje upesi, angalau watoto wapate nyama.

"Nikichinja huyu, mimi nitahama na nini?"

Siku mbili mnyama alilia akijipiga teke tumboni. Siku ya tatu akatulia tuli, hata akatafuna majani. Dokata akamwita Adano kwa furaha, akamtania kwamba daktari kama yeye angemtia umaskini, akampikia chai kwa sukari iliyobaki. Hakuwa amecheka tangu amzike mumewe.

Adano aliujua utulivu ule. Kibofu kilikuwa kimepasuka, na maumivu yameisha kwa kuwa mkojo ulikuwa ukimwagika ndani ya tumbo. Siku hiyo nyama ingeweza bado kuliwa. Lakini alimwangalia yule mama anavyocheka, akamwacha na furaha yake. Huruma gani hiyo, jamani! Akanywa chai, akaaga.

Baada ya siku mbili ngamia akaanguka, tumbo limejaa kama mtungi. Walimchinja, lakini nyama yote ilinuka mkojo, ikatupwa.

Dokata alimfuata Adano kwake. Hakupaza sauti.

"Siku ile nilipokuita, ulijua?"

"Nilijua, mama."

Tangu hapo, aliyemletea Adano mnyama mgonjwa aliambiwa ukweli hata kabla ya salamu kuisha. Dokata alikuwa ameshahamia Bulla Pesa, mtaa wa Isiolo mjini, kwa miguu, na hakuwa na mnyama wa kumletea.